Kutambua Shambulio la Moyo Katika Saa za Mwanzo: Mwongozo Kamili kwa Tabibu na Muuguzi wa Zamu

Kosa ninaloliandikia mwongozo huu hujirudia mara nyingi, na karibu kila mara lina sura ileile. Mgonjwa anafika alfajiri akilalamika kwamba kifua kimembana. Anapimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) mara moja, na karatasi inaonekana ya kawaida. Anachukuliwa damu ya troponini (protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia) mara moja, na jibu linarudi hasi. Anapewa omeprazoli, anaambiwa ana vidonda vya tumbo, kisha anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kesho yake analetwa tena akiwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu, au haletwi kabisa.

Aliyempokea hakuwa mzembe, na vipimo vyote viwili vilisema kweli. Tatizo ni kwamba viliulizwa swali kabla msuli wa moyo haujawa na la kujibu. Watafiti waliofanya kazi Moshi, kaskazini mwa Tanzania, walionyesha kwamba wagonjwa wengi waliotimiza vigezo vya shambulio la moyo hawakupewa utambuzi huo na waliowahudumia. Naamini sehemu kubwa ya upungufu huu hurekebishika kwa jambo moja: kusoma kila kipimo kwa kulinganisha na saa ambayo maumivu yalianza.

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi na daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye ECG. Ikiwa wewe si mhudumu wa afya na kifua kinakubana sasa hivi, acha kusoma, mwombe mtu akupeleke hospitali mara moja, wala usiendeshe gari mwenyewe.

## Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajafika

- Mashine ya ECG yenye lidi 12 (pande 12 za kuutazama umeme wa moyo), karatasi za akiba, jeli na wembe. Elektrodi iliyobandikwa juu ya nywele nyingi au jasho hutoa mistari inayotetemeka isiyosomeka.
- Saa ya ukutani iliyo sahihi, pamoja na fomu yenye nafasi mbili tofauti: saa maumivu yalipoanza, na saa kila kipimo kilipofanyika.
- Kipimo cha troponini. Ni lazima ujue mapema kama chenu ni cha haraka kinachoonyesha mistari tu, ni cha mashine inayotoa namba, au ni cha unyeti wa juu, kwa sababu ratiba ya kurudia hutegemea aina hiyo.
- Aspirini ya kutafuna, klopidogreli (nayo huzuia damu kuganda), na dawa ya kuyeyusha donge la damu (streptokinasi au tenekteplasi) ikiwa kituo chenu kinaruhusiwa kuitumia.
- Mashine ya kushtua moyo, ikiwa imechajiwa na ipo kando ya kitanda, si kabatini.
- Mashine ya presha na kipimo cha oksijeni cha kidoleni.
- Namba ya simu ya hospitali ya rufaa, imebandikwa mahali ambapo hata mgeni wa zamu ataiona.

## Saa ya msuli: kinachotokea ndani kabla hujaona kitu

Sehemu hii si ya kuruka. Hatua zote zinazofuata zinaitegemea, na anayeielewa hatahitaji kukariri ratiba ya vipimo.

Mara nyingi shambulio huanza pale utando wa mafuta uliojijenga ndani ya ateri ya koronari (mshipa unaolisha moyo damu) unapopasuka, na damu ikaganda juu ya ufa huo hadi njia ikaziba. Sekunde chache baadaye seli za msuli zilizo mbele ya donge huishiwa oksijeni, zikageukia njia ya dharura ya kutengeneza nishati, ambayo huzalisha asidi ya laktiki. Ndani ya dakika moja au mbili eneo hilo huacha kujikunja ipasavyo, ingawa bado hakuna seli hata moja iliyokufa. Akiba ya ATP, yaani nishati ya seli, hushuka hadi karibu nusu kwa dakika 10, na hadi karibu sehemu moja ya kumi kwa dakika 40.

Kati ya dakika 20 na 40 za kuziba kabisa, seli za kwanza huvuka mpaka ambao hazirudi tena. Kwa hadubini ya elektroni mtu angeona mitokondria zimevimba, glaikojeni imekwisha, na baadaye utando wa seli umepasuka. Kupitia nyufa hizo kalsiamu huingia, na protini za ndani ya seli, troponini ikiwemo, huanza kuvujia kwenye damu.

Kifo hicho hakianzi kila mahali kwa wakati mmoja. Huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo, ambalo liko mwisho wa njia ya damu na ndilo linalobanwa zaidi na shinikizo la ndani ya chumba, kisha husambaa kuelekea nje kwa saa kadhaa, kama moto unaokula shamba kuanzia upande mmoja. Kwa mgonjwa aliyefika katika saa ya pili, bado kuna msuli mwingi unaoweza kuokolewa. Katika saa ya kumi na mbili umebaki kidogo.

Sasa tazama jinsi sura ya tishu inavyochelewa nyuma ya tukio lenyewe. Kwa macho, msuli huonekana wa kawaida kabisa kwa takriban saa 4 za mwanzo. Kati ya saa 4 na 12 mabaka meusi yanaweza kuanza kuonekana, lakini mara nyingi hayapo. Huwa wazi zaidi kati ya saa 12 na 24. Kwa hadubini ya kawaida, dalili ya mapema ni nyuzi za msuli zilizojipinda kama mawimbi pembezoni mwa eneo lililoathirika, nayo si dalili ya kutegemewa. Nekrosisi ya mgando, yaani kifo cha seli kwa kukosa damu, huanza kutambulika kati ya saa 4 na 12: seli huwa nyekundu zaidi kwa rangi ya eosini, maji hujikusanya kati ya nyuzi, na kunaweza kuwa na damu iliyovuja. Kati ya saa 12 na 24 viini vya seli husinyaa, na seli nyeupe aina ya nyutrofili huanza kuingia. Hizi hujaa siku ya 1 hadi ya 3. Makrofaji huja kusafisha mabaki kuanzia siku ya 3 hadi ya 7, kipindi ambacho ukuta ni laini na unaweza kupasuka. Kovu kamili huchukua takriban miezi 2.

Kwa hiyo kila ushahidi una saa yake. Umeme wa moyo na mwendo wa ukuta hubadilika kwa dakika, protini za kwenye damu huchukua saa kadhaa kuonekana, na sura ya tishu huchukua nusu siku au zaidi. Anayemtaka shahidi wa saa sita aseme katika saa ya kwanza atajibiwa kimya, na kimya hicho ndicho kinachoandikwa kwenye faili kuwa "kawaida".

## Hatua ya 1: Sikiliza maneno ya mgonjwa mwenyewe

Wagonjwa wachache husema "moyo unaniuma". Wengi husema kifua kimewabana, kimeelemewa, kama wamewekewa jiwe au gunia. Wengine hushika katikati ya kifua kwa kiganja kizima huku wakitokwa na jasho jembamba. Maumivu yanaweza kupanda hadi kwenye taya na shingo, au kushuka kwenye mkono, mara nyingi wa kushoto, lakini hata wa kulia au yote miwili.

Neno linalotuponza zaidi ni "chembe cha moyo". Mgonjwa anaposema chembe cha moyo kinamuuma, anaonyesha pale juu ya tumbo, chini ya kidari, nasi tunaandika vidonda vya tumbo kabla hajamaliza sentensi. Sehemu hiyohiyo huuma pale ukuta wa chini wa moyo unapokosa damu, na huja pamoja na kichefuchefu na kutapika, jambo linalotuthibitishia kosa letu. "Kiungulia" na "gesi" huhitaji tahadhari ileile, hasa ikiwa hajawahi kuwa navyo kabla ya leo. "Kichomi", yaani maumivu ya kuchoma yanayozidi anapovuta pumzi, huelekeza zaidi kwenye mapafu, lakini peke yake hakitoshi kuuondolea moyo shaka.

Wazee, wanawake na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu kabisa. Wao huja na pumzi kukata, uchovu wa ghafla, kuzirai au kutapika. Kwa mtu mwenye kisukari aliyezidi miaka 40 na mojawapo ya dalili hizi, pima ECG bila kusubiri alalamikie kifua.

Tahadhari: usitumie nafuu ya dawa ya kiungulia kama kipimo. Maumivu ya moyo hupungua na kurudi yenyewe, na mgonjwa anaweza kupata nafuu dakika tano baada ya kunywa dawa isiyohusiana nayo hata kidogo.

Umefanikiwa ikiwa faili ina sentensi moja kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, mahali hasa alipoonyesha kwa mkono, na alichokuwa akifanya maumivu yalipoanza.

## Hatua ya 2: Pata saa ya kuanza, na uiandike bila utata

Hapa hupotea mengi kuliko tunavyodhani. Mgonjwa anasema maumivu yalianza "saa tisa usiku". Anamaanisha saa tisa ya Kiswahili, ambayo kwenye fomu ya Kiingereza ni saa 3 alfajiri. Anayejaza fomu kwa haraka anaandika 9 usiku. Kwa kalamu hiyo, mgonjwa aliyefika saa moja baada ya maumivu amekuwa mgonjwa wa saa saba, na troponini yake hasi, ambayo haikupaswa kumtuliza mtu yeyote, imekuwa ushahidi wa kumruhusu aende.

Andika kwa mfumo wa saa 24, kisha umsomee mgonjwa kwa Kiswahili: "Mama, ilikuwa saa tisa ya usiku wa manane, kabla ya adhana ya Alfajiri, ndivyo?" Asiyetazama saa mtafutie alama za siku: je, alikuwa ameshaswali Isha, taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imekwisha, watoto walikuwa wameshaondoka kwenda shule? Alama hizi ni sahihi kuliko makisio ya "kama masaa mawili hivi".

Maumivu yaliyokuja na kuondoka siku nzima yaandikwe mara mbili: mara ya kwanza kabisa, na mara yalipokuja yakakaa. Kipindi cha mwisho cha mfululizo ndicho utakachokitumia kupanga vipimo, kwa sababu mara nyingi donge huziba na kuachia kabla ya kuziba kabisa.

Umefanikiwa ikiwa mwenzako wa zamu inayofuata anaweza kujibu, bila kukupigia simu, kwamba mgonjwa huyu yuko saa ya ngapi.

## Hatua ya 3: Piga ECG ndani ya dakika 10

Dakika 10 huhesabiwa tangu mgonjwa anapokutana na mhudumu wa kwanza, si tangu alipopata kitanda. Muuguzi wa mapokezi aruhusiwe kuianzisha bila kusubiri daktari. Binafsi naona kanuni hii moja ina thamani kuliko mashine mpya.

Mlaze mgonjwa na umtulize. V1 ikae nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia mwa kidari. V2 nafasi hiyohiyo, kushoto. Weka V4 nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, kisha V3 kati ya V2 na V4. V5 na V6 zifuate usawa wa V4 kuelekea kwapani. Hesabu mbavu kwa vidole. Wengi huziweka V1 na V2 juu mno, na matokeo yake huiga ugonjwa ambao haupo. Kwa mwanamke, V4 huwekwa chini ya titi, juu ya ngozi ya ukuta wa kifua.

Hakikisha karatasi inakwenda milimita 25 kwa sekunde, na milivolti 1 ni milimita 10. Ikiwa lidi I imepinduka kichwa chini, yaelekea umebadilishana nyaya za mikono. Rekebisha kabla ya kutafsiri chochote.

Umefanikiwa ikiwa una karatasi safi yenye jina, tarehe, saa ya kipimo na maneno "ana maumivu sasa" au "hana maumivu sasa". Maneno hayo mawili yatakuwa na thamani kubwa utakapoilinganisha na karatasi ya pili.

## Hatua ya 4: Isome kwa mpangilio

Tafuta kwanza sehemu ya ST (mstari kati ya QRS, yaani mchoro mkali wa pigo la moyo, na wimbi la T linaloufuata) iliyopanda katika lidi mbili au zaidi zinazopakana. Kigezo ni milimita 1 au zaidi katika lidi zote isipokuwa V2 na V3. Katika hizo mbili, mwanamume wa miaka 40 au zaidi anahitaji milimita 2, mwanamume wa chini ya miaka 40 milimita 2.5, na mwanamke milimita 1.5.

Lidi hukuambia ni ukuta upi. II, III na aVF hutazama ukuta wa chini. V1 hadi V4 hutazama mbele, na I, aVL, V5 na V6 hutazama ubavuni. Unapoona ST imepanda upande mmoja, tafuta upande wa pili ulioshuka. Kupanda kwa III kunakofuatana na kushuka kwa aVL ni picha yenye uzito mkubwa, na aVL inaweza kushuka hata kabla III haijatimiza milimita yake.

Dalili ya mapema kuliko ST ni wimbi la T lililonenepa na kuwa refu kupita kiasi likilinganishwa na QRS iliyo mbele yake. Hutokea dakika za mwanzo, na huonekana mara chache kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa wameshalipita. Ukilibahatisha, usilipuuze; rudia ECG baada ya dakika 10.

Yapo maeneo mawili ambayo lidi 12 za kawaida haziyaoni vizuri. Ikiwa V1 hadi V3 zimeshuka, huku mawimbi ya R ni marefu na T imesimama, huenda ukuta wa nyuma ndio unaokufa: hamishia elektrodi mgongoni katika usawa wa V6; V7 kwenye ukingo wa nyuma wa kwapa, V8 chini ya ncha ya kombe la bega na V9 kando ya uti wa mgongo. Huko nusu milimita inatosha. Na kila ukuta wa chini unapohusika, weka V4 upande wa kulia wa kifua ili kuitazama ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia, kwa sababu mgonjwa huyo anaweza kuporomoka presha ukimpa nitrogliserini (dawa ya kupanua mishipa).

Sasa yale yanayotudanganya, na hapa naomba tusome polepole. Vijana wengi wa Kiafrika wenye afya njema wana ST iliyopanda katika V2 hadi V4 tangu zamani. Yao hujipinda kama bakuli, mara nyingi ina kijino mahali QRS inapoishia, na haibadiliki kati ya karatasi moja na nyingine. Presha ya muda mrefu nayo hunenepesha ventrikali ya kushoto, ikatoa mawimbi marefu sana yenye ST iliyosogea. Ukipata ECG ya zamani ya mgonjwa, hata ya miaka mitatu iliyopita, utakuwa umepata mwamuzi bora kuliko kitabu. Usipoipata, tegemea hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Irudie, hata kama ya kwanza ilikuwa safi

ECG moja ni picha ya sekunde 10 tu. Donge linaweza kuziba, kuachia na kuziba tena, na picha yako imenasa dakika ilipoachia. Maadamu maumivu yanaendelea au shaka ipo, rudia kila dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza, na mara moja kila maumivu yanaporudi.

Acha elektrodi zilezile mahali palepale, au weka alama kwa kalamu kwenye ngozi. Elektrodi iliyosogea huzaa mabadiliko ya uongo.

Umefanikiwa ikiwa karatasi mbili au tatu zimepangwa kwa saa, moja chini ya nyingine, nawe unaweza kusema kama kuna kilichosogea. Kinachosogea kina uzito kuliko umbo lenyewe.

## Hatua ya 6: Pima troponini angalau mara mbili

Sehemu kubwa ya troponini imefungwa kwenye nyuzi za kujikunja za seli, na kiasi kidogo tu huelea huru. Kile cha huru hutoka kwanza baada ya utando kupasuka, kisha kile kilichofungwa huachiwa polepole kwa siku nyingi. Ndiyo sababu vipimo vya kawaida huanza kupanda saa 3 hadi 6 baada ya maumivu kuanza, hufika kilele karibu na saa 24, na huendelea kuwa juu kwa wiki moja hadi mbili.

Chukua damu mgonjwa anapofika, ukiandika saa. Kwa kipimo cha kawaida, rudia baada ya saa 3 hadi 6, na usimruhusu aliyefika mapema aondoke kabla ya saa 6 tangu maumivu yaanze. Kwa kipimo cha unyeti wa juu, damu ya pili huchukuliwa baada ya saa 1, 2 au 3 kulingana na mpango uliothibitishwa kwa mashine hiyo. Hata hapo, jibu moja la chini halimtoshi mgonjwa aliyefika kabla ya saa 3 kupita tangu maumivu yaanze. Kile cha haraka cha mistari ndicho dhaifu zaidi katika saa za mwanzo. Chanya yake ichukulie kwa uzito, hasi yake ya mapema usiijengee nyumba.

Tumwangalie mama wa miaka 58 mwenye kisukari, aliyeanza kuumwa chembe cha moyo saa 10:00 alfajiri kwa saa ya Kiswahili, yaani 04:00, akafika 05:00. Troponini ya 05:15 ni hasi. Jibu hilo linaeleza msuli wa saa ya kwanza tu. Damu yake ya pili ni ya saa 10:00 kwa mfumo wa saa 24, na hadi hapo abaki kitandani karibu na ECG.

Utambuzi unahitaji kupanda au kushuka kwa troponini, angalau jibu moja likiwa juu ya kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakizidi, pamoja na dalili, mabadiliko ya ECG au ushahidi wa picha. Hivyo ndivyo inavyoelekeza tafsiri ya kimataifa ya mwaka 2018. Mgonjwa wa figo anaweza kuwa na troponini iliyo juu siku zote lakini isiyosogea. Maambukizi makali ya damu, donge la kwenye mapafu na uvimbe wa msuli wa moyo navyo huipandisha.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika hatua hii: ST ikiwa imepanda kwa vigezo, usingoje troponini. Kuisubiri ni kuutazama msuli ukifa huku umeshika jibu mkononi.

## Hatua ya 7: Jiulize kama ni ugonjwa mwingine unaoua

Pima presha mikono yote miwili. Tofauti inayozidi milimita 20 za zebaki, pamoja na maumivu ya ghafla ya kuchanika yanayokwenda mgongoni, huashiria aota (mshipa mkuu utokao moyoni) iliyochanika, na dawa ya kuyeyusha donge itamuua mgonjwa huyo. Pumzi inayokata huku mapafu yakisikika safi na mguu mmoja umevimba huelekeza kwenye donge la mapafu. ST iliyopanda karibu kila mahali, na maumivu yanayopungua akikaa na kuinama mbele, ni ya uvimbe wa ngozi inayofunika moyo.

Ikiwa kuna mashine ya ultrasaundi na mtu anayeijua, tazama kama ukuta mmoja hausogei. Ukuta husimama mapema kuliko troponini kupanda, lakini kovu la zamani nalo halisogei.

## Hatua ya 8: Anza matibabu na panga rufaa kwa wakati mmoja

Mpe aspirini ya kutafuna, miligramu 150 hadi 300, isipokuwa ana mzio au anatoka damu. Oksijeni mpe ikiwa iko chini ya asilimia 90. Nitrogliserini usimpe ikiwa namba ya juu ya presha iko chini ya 90, ventrikali ya kulia imehusika, au alitumia dawa za nguvu za kiume aina ya sildenafili ndani ya saa 24.

Acha kabisa sindano ya diklofenaki kwenye msuli. Imekuwa mazoea yetu kwa kila maumivu, lakini dawa za kundi hilo huongeza hatari kwa moyo ulioshambuliwa, na tundu la sindano hugeuka bonge la damu ukija kumpa dawa ya kuyeyusha.

ST iliyopanda ndani ya saa 12 inahitaji mshipa ufunguliwe. Ikiwa kuzibua kwa katheta kunaweza kufanyika ndani ya dakika 120, mpeleke. Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hufanya kazi hiyo. Kutoka Songea au Kigoma dakika 120 haziwezekani kwa barabara, kwa hiyo dawa ya kuyeyusha itangulie ikiwa hakuna kizuizi: kutoka damu ndani ya fuvu wakati wowote maishani, kiharusi cha miezi ya karibuni, upasuaji mkubwa au jeraha la kichwa la karibuni, aota iliyochanika, au damu inayotoka sasa. Presha iliyozidi 180 kwa 110 ishushwe kwanza. Streptokinasi ni uniti milioni 1.5 kwa dakika 30 hadi 60. Presha ikishuka, punguza mwendo. Aliyewahi kuipata asirudiwe, kwa sababu mwili umeshatengeneza kinga dhidi yake. Fuata pia mwongozo wa matibabu wa nchi yako.

Umefanikiwa ikiwa, dakika 60 hadi 90 baadaye, maumivu yamepungua na ST katika lidi iliyopanda zaidi imeshuka kwa nusu au zaidi. Isiposhuka, mshipa haujafunguka, na simu ya rufaa ipigwe saa hiyo. Karatasi zote za ECG zisafiri na mgonjwa.

## Moyo ukifika kwenye meza ya patholojia

Baadhi ya wagonjwa hufa kabla ya yote haya, na hapo kosa hurudi kwa sura nyingine: moyo unafunguliwa, hauonyeshi kitu, unaandikwa wa kawaida.

Anza na ateri za koronari. Zikate kwa kukingama kila milimita 3, ukitafuta donge jipya. Kisha kata ventrikali vipande vya unene wa sentimita 1 kuanzia kileleni. Kabla ya kuviweka kwenye formalini, tumbukiza kimoja au viwili katika myeyuko wa TTC (kemikali inayoupa msuli hai rangi) wa asilimia 1, wenye joto la nyuzi 37, kwa dakika 15 hadi 20. Msuli uliokuwa hai hugeuka rangi ya tofali, kwa sababu vimeng'enya vyake vingalipo. Uliokufa hubaki mweupe uliofifia. Kipimo hiki huhitaji mgonjwa awe aliishi takriban saa 3 baada ya kuziba, na hakisaidii ikiwa mwili umeanza kuharibika.

Chukua vipande vya hadubini vinavyoanzia utando wa ndani hadi wa nje, vikiwemo vya mpakani. Nyuzi za mawimbi peke yake zisikupe utambuzi. Mikanda myekundu ya kujikunja kupita kiasi hutokea pale kalsiamu inapofurika ndani ya seli, hasa damu inaporudi, lakini adrenalini na kushtuliwa moyo wakati wa kumwokoa huiacha vilevile. Soma kwanza maelezo ya wodini.

Ukikuta donge jipya ndani ya ateri na msuli usio na mabadiliko, usiandike "moyo wa kawaida". Andika donge, mahali lilipo na kiasi lilichoziba, kisha andika saa maumivu yalipoanza, saa ya kifo, na kwamba muda kati ya hizo mbili haukutosha tishu kuonyesha mabadiliko.